Kuchuja logi kwa tagi kwenye programu za simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi mchana tunakutana vijana kumi hivi hapa Dodoma, upande wa Ng'ong'ona, kila mmoja na kompyuta yake na waya wa USB, tukitengeneza programu za Android. Wengine ni wanachuo, wengine mafundi simu waliojifunza wenyewe. Swali linalorudi kuliko yote ni la logi, yaani mistari ambayo programu huiandika kueleza inachofanya: "Kaka, nimeweka mistari ya logi kama ulivyosema, lakini siioni." Majibu yangu yamekuwa yakipotea kwenye jumbe za simu, nami nikiyaandika upya kila wiki. Nimeyakusanya hapa.

Tagi ni nini hasa?

Nenda stendi kuu ya mabasi kule Nzuguni asubuhi. Wapiga debe wanaita wote kwa pamoja: Singida, Kondoa, Iringa, Dar. Ukisikiliza kelele nzima hupati kitu. Lakini abiria wa Kondoa hasikii kelele nzima, anasikia "Kondoa! Kondoa!" tu, anageuka na kwenda. Tagi ndiyo hilo jina linaloitwa mwanzoni mwa kila mstari wa logi, na kuchuja ni kuiambia kompyuta wewe ni abiria wa wapi.

Kwenye msimbo wa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, inakaa hivi:

`Log.d("Malipo", "kiasi kimehakikiwa")`

Neno la kwanza ni tagi, la pili ni ujumbe. Herufi `d` ni ngazi ya uzito wa ujumbe.

Kwa nini nihangaike kuchuja? Si nitafute tu neno kwa macho?

Simu haiandiki logi za programu yako peke yake. Wi-Fi inaandika, kamera inaandika, betri inaandika, kibodi inaandika. Simu iliyolala mezani bila kuguswa inaweza kumwaga mamia ya mistari kwa dakika. Macho yanachoka, na mtu aliyechoka huona anachotaka kukiona.

Amri ya kwanza ya kujifunza ni ipi?

Hii:

`adb logcat -s Malipo:D`

`adb` ni zana ya kuzungumza na simu kutoka kwenye kompyuta, na `logcat` ndiyo inayoonyesha logi. Maana ya amri nzima: nyamazisha wote, niachie tagi ya Malipo kuanzia ngazi ya D kwenda juu. Unaweza kuiandika pia `adb logcat Malipo:D '*:S'`. Hapo `*` ni tagi zote na `S` ni kimya. Weka hizo alama za kunukuu kama unatumia Linux au Mac, kwa sababu terminali (dirisha la kuandikia amri) ikiona nyota bila alama huweza kudhani unazungumzia majina ya mafaili, na kwenye Mac mara nyingi amri inakataa kabisa.

Ukitaka tagi mbili au tatu, ziandike kwa mfululizo:

`adb logcat -s Usawazishaji:D Mtandao:D AndroidRuntime:E`

Usiiache hiyo `AndroidRuntime:E`. Programu ikijifunga ghafla, taarifa ya kifo chake haiandikwi kwa tagi yako. Android yenyewe ndiyo inayoiandika, kwa tagi ya AndroidRuntime, ikianza na maneno FATAL EXCEPTION. Nimeona kijana akikaa saa nzima akisema "logi zinakatika tu katikati" wakati programu ilikuwa inakufa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameinyamazisha sauti iliyokuwa inamweleza.

Ngazi ziko ngapi, na nitumie ipi?

Kutoka ndogo kwenda kubwa: V (Verbose), D (Debug), I (Info), W (Warn), E (Error), F (Fatal). S si ngazi ya kuandikia, ni ya kunyamazisha. Ukiandika `Mtandao:W` unapata W, E na F za Mtandao.

Kanuni yangu: D ni mazungumzo yangu mimi na programu wakati wa kazi. I ni tukio ambalo hata mwenzangu asiyejua msimbo angetaka kulijua, kwa mfano "mtumiaji ameingia". W ni jambo lililokwenda kombo lakini programu imejinasua. E ni lile ambalo programu imeshindwa kulitatua. Kijana anayeandika kila kitu kwa E ili "kionekane chekundu" anajiharibia, maana siku hitilafu ya kweli ikija, nayo itakuwa nyekundu kati ya nyekundu mia.

Natumia Android Studio, sitaki terminali. Nachujaje?

Ndani ya Android Studio, ile programu ya kuandikia msimbo, fungua dirisha la Logcat, na juu yake kuna kisanduku cha kuandikia. Tangu toleo la Dolphin la mwaka 2022 kisanduku hicho kina lugha yake:

`package:mine tag:Usawazishaji`

`package:mine` inabakiza logi za mradi uliofungua tu. `tag:` inakubali tagi yoyote yenye neno hilo ndani yake, `tag=:` inataka ifanane kabisa, `tag~:` inapokea ruwaza (regex), na `-tag:` inaondoa. Ongeza `level:WARN` upate kuanzia W, au `age:10m` upate za dakika kumi zilizopita.

Jambo linalowachanganya wengi: ukiandika `tag:Malipo tag:Mtandao` unapata yenye hii *au* ile. Ukiandika `tag:Malipo level:ERROR` unapata yenye vyote viwili. Vitu vya aina moja vinaunganishwa kwa "au", vya aina tofauti kwa "na". Ukilielewa hilo, dirisha halitakushangaza tena.

Nimechuja na hakuna kinachoonekana. Tatizo liko wapi?

Angalia kwa mpangilio huu, maana ndio mpangilio ninaoupata mimi nikikaa na mtu.

Herufi kwanza. Kwenye `adb`, "malipo" na "Malipo" ni tagi mbili tofauti. Pia hapo jina linatakiwa likamilike. `Mali*:D` haitafanya kazi, nyota inakubalika peke yake tu.

Pili, ngazi. Umeandika `Malipo:W` kwenye kichujio na kwenye msimbo umetumia `Log.d`.

Tatu, simu ipi? Kama umechomeka simu mbili, au simu pamoja na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), huenda unasikiliza isiyohusika. `adb devices` itakuonyesha zote, kisha chagua kwa `adb -s` ukifuatisha namba ya kifaa. (Hiyo `-s` inakaa kabla ya neno logcat na ni tofauti kabisa na `-s` inayokaa baada yake. Najua inaudhi.)

Nne, simu za baadhi ya watengenezaji hunyamazisha ngazi za V na D zenyewe. Jaribu `Log.i` mara moja. Ikionekana, umepata jibu.

Tano, na hili ndilo linalouma: mstari wenyewe haujafikiwa. Logi isiyoonekana nayo ni habari. Inakwambia programu haikupita pale ulipodhani imepita.

Kwa nini nisitumie tu `grep` kutafuta neno?

Unaweza, na mimi hutumia hiyo amri inayobakiza mistari yenye neno fulani tu. Lakini fikiria hitilafu yenye mlolongo wa mistari thelathini. Neno unalolitafuta liko kwenye mstari wa kwanza, na ile ishirini na tisa inayokuonyesha faili na namba ya mstari wa msimbo inatupwa. Tagi inarudiwa mwanzoni mwa kila mstari wa mlolongo huo, kwa hiyo ukichuja kwa tagi unaupata mzima. Kumbuka pia `adb logcat -e` inatafuta ndani ya ujumbe, haigusi tagi.

Nitajeje tagi zangu vizuri?

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kuchuja ni kazi ya sekunde tano, lakini inafaa tu kama siku ya kuandika msimbo ulitaja jina la maana.

Mazoea ya wengi ni kutumia jina la klasi, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake. Ni rahisi na haliumizi kichwa. Tatizo ni kwamba hitilafu haifuati mipaka ya klasi. Malipo yanaanzia kwenye skrini, yanapita kwenye klasi ya kuhakiki, yanaingia kwenye mtandao, yanaishia kwenye hifadhidata. Ukitumia majina ya klasi una tagi nne kwa safari moja, na siku ya shida unakumbuka mbili tu. Mimi naipa tagi ile *kazi*: Malipo, Usawazishaji, Mizani, Kuingia. Klasi nne, tagi moja.

Kuna hatari nyingine kwenye jina la klasi. Ukiandaa toleo la kuwapa watu, zana ya R8 hufupisha majina ya klasi. Tagi uliyoitoa kwa `simpleName` inageuka kuwa "a" au "b", na kichujio chako kinabaki kimeduwaa. Andika tagi kama neno lisilobadilika.

Urefu nao: kwenye Android 7 na za nyuma yake, ukiipa `Log.isLoggable` (fanksheni inayouliza kama logi za tagi fulani zimewashwa) tagi inayozidi herufi 23, programu inatupa hitilafu. "UsawazishajiWaRekodiZaZabibu" ina herufi 28. Kuanzia Android 8 kikomo hicho kimeondolewa, lakini simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu. "Usawazishaji" inatosha.

Na usiogope Kiswahili. Tagi ya Kiswahili haigongani na tagi za mfumo. Ukiandika "Network" unaweza kujikuta kwenye foleni moja na vitu ambavyo si vyako. Hakuna sehemu ya Android inayojiita Usawazishaji.

Nipe mfano wa kweli, tagi imesaidiaje?

Tulitengeneza programu ya kupokelea zabibu. Karani anasimama shambani, anapima kreti, anaandika kilo na jina la mkulima, na rekodi inakaa kwenye simu mpaka mtandao upatikane. Msimu ulipoanza, malalamiko yakaja: baadhi ya wakulima wameandikiwa mzigo mara mbili. Si wote, si kila siku. Karani aliapa hajabonyeza mara mbili, na mimi nilimwamini.

Mezani kwangu kila kitu kilikuwa sawa. Tukaenda shambani na kompyuta, tukachomeka simu yake, tukachuja tagi mbili tu, Usawazishaji na Mtandao. Tukasubiri kama dakika arobaini, jua la Dodoma likiwa juu yetu. Kisha ikapita hii:

`03-14 10:22:07.418  8123  8160 D Usawazishaji: natuma rekodi 41, jaribio 1`
`03-14 10:22:17.431  8123  8160 W Mtandao: muda umeisha, rekodi 41`
`03-14 10:22:19.440  8123  8160 D Usawazishaji: natuma rekodi 41, jaribio 2`
`03-14 10:22:21.102  8123  8160 D Usawazishaji: seva imepokea rekodi 41`

Angalia saa za mistari miwili ya kwanza. Sekunde kumi, karibu kamili. Maktaba ya OkHttp tuliyoitumia kuwasiliana na seva husubiri sekunde kumi kisha inakata tamaa, ndivyo inavyokuja usipoigusa. Rekodi ilikuwa imefika kwenye seva mara ya kwanza; jibu ndilo lililochelewa njiani. Simu ikadhani imeshindwa, ikatuma tena, na seva ikaandika mzigo wa pili.

Mistari minne. Kwenye logi nzima ya dakika ile kulikuwa na zaidi ya elfu, na hiyo minne isingekaa karibu karibu kiasi cha mtu kuona zile sekunde kumi. Tulirekebisha kwa kuipa kila rekodi namba ya kipekee inayozaliwa kwenye simu yenyewe, ili seva ikiiona mara ya pili ijue ni ile ile. Kilo za wakulima zikasahihishwa siku ile ile.

Mtandao ukikosekana, `Log.e` yangu haitoi mlolongo wa hitilafu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Android kwa makusudi haichapishi mlolongo wa UnknownHostException, yaani ile hitilafu ya kushindwa kupata anwani ya seva. Waliona kukosekana kwa mtandao ni jambo la kawaida lisilostahili kujaza logi. Kwetu sisi tunaotengeneza programu za watu wa Bahi na Mpwapwa vijijini, hilo ndilo tunalotaka kuliona kuliko yote. Liandike mwenyewe ndani ya ujumbe: `Log.w("Mtandao", "imeshindwa: $e")`. Hapo jina la hitilafu linaonekana.

Naweza kuwasha logi za tagi moja bila kujenga programu upya?

Ndiyo, na ni jambo zuri ambalo wachache wanalijua. Kwenye msimbo uliza kwanza `Log.isLoggable("Malipo", Log.DEBUG)`. Kawaida jibu ni hapana, kwa sababu ngazi ya kuanzia ni INFO. Ukitaka kusikiliza:

`adb shell setprop log.tag.Malipo DEBUG`

Simu ikizimwa na kuwashwa, mpangilio huo unaondoka.

Nazionaje logi za tagi zote za programu yangu, si moja tu?

Kwenye Android Studio, `package:mine`. Kwenye terminali, kwa Android 7 kwenda juu:

`adb logcat --pid=$(adb shell pidof -s tz.mfano.zabibu)`

Weka jina la kifurushi cha programu yako badala ya `tz.mfano.zabibu`. Programu ikijifunga na kufunguka, namba inayopewa na simu (pid) inabadilika, na itabidi uirudie amri. Njia nyingine ni kuzipa tagi zako zote mwanzo mmoja, mfano `ZB.Malipo`, `ZB.Mizani`, kisha ukatafuta `tag:ZB.` kwenye Studio.

Logi za zamani zinapotea. Kwa nini?

Simu inazihifadhi kwenye nafasi ndogo. Ikijaa, za zamani zinafutwa kupisha mpya. Ongeza kwa `adb logcat -G 8M`. Kabla ya kujaribu hitilafu, safisha kwa `adb logcat -c`. Ukimaliza, `adb logcat -d -s Malipo:D > malipo.txt` inakupa faili la kumtumia mwenzako.

Ninatumia Flutter au React Native. Tagi zangu ziko wapi?

Hizi ni zana nyingine za kutengenezea programu za simu. Kwenye Flutter, chochote unachotoa kwa `print` kinatoka na tagi moja, `flutter`. Kwa hiyo `adb logcat -s flutter` inakupa vyote, na utofauti inabidi uuweke wewe mwanzoni mwa ujumbe, kwa mfano "[Malipo]". React Native inatumia `ReactNativeJS`. Kwenye iPhone hakuna tagi kwa jina hilo. Kuna `Logger` yenye mfumo mdogo na kategoria, inayopatikana kuanzia iOS 14, na kategoria ndiyo inayofanya kazi ya tagi.

Simu haionekani kabisa kwenye kompyuta.

Kwenye mipangilio ya simu fungua "Kuhusu simu", gusa "Nambari ya muundo" mara saba, ingia Chaguo za wasanidi programu, washa Utatuzi wa USB, kisha kubali ombi litakalotokea kwenye skrini. Ukishindwa badilisha waya. Waya nyingi za bei nafuu zinachaji tu, hazipitishi data. Kuanzia Android 11 unaweza kuunganisha kwa Wi-Fi bila waya.

Ni vitu gani nisiviandike kwenye logi hata kwa tagi ya siri?

Namba ya siri ya malipo, neno la siri, ufunguo wa kuingilia kwenye seva, namba ya kitambulisho cha taifa. Hata ngazi ya V. Hata "kwa leo tu". Tangu Android 4.1 programu nyingine ya kawaida haiwezi kusoma logi zako, lakini yeyote mwenye waya na simu iliyofunguliwa anaweza, na faili la logi unalomtumia rafiki kwenye kundi halirudi tena.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ya mkulima ni taarifa yake, si yako. Ukihitaji kumtambua kwenye logi, andika tarakimu tatu za mwisho. Kwenye programu ya zabibu tulitumia namba ya rekodi peke yake, na haikutuzuia kupata hitilafu.

Toleo la kuwapa watu lisitoe logi za D kabisa. R8 inaweza kuziondoa kwa kanuni ya `-assumenosideeffects` ukiitajia `android.util.Log` na fanksheni unazotaka zitoke.

Mtumiaji yuko Kondoa, mimi niko Dodoma mjini. Nachujaje logi za simu nisiyoishika?

Panga mapema. Programu iandike W na E za tagi mbili tatu muhimu kwenye faili lake la ndani, lenye kikomo cha ukubwa, na uweke kitufe cha "Tuma ripoti". Mtumiaji abonyeze mwenyewe, kwa hiari yake, akijua anachotuma. Faili la tagi tatu ni dogo na halimli bando. Ukimwomba ripoti nzima ya hitilafu ya simu, utapokea megabaiti kadhaa zilizomgharimu pesa yake, na nyingi si za programu yako.

Nimerithi mradi wenye tagi "TEST", "hapa", "hapa2" na "aaaa". Nianzie wapi?

Usizibadilishe zote. Chagua hitilafu moja unayoishughulikia wiki hii, fuata safari yake kutoka kwenye skrini hadi kwenye seva, na ubadilishe tagi za njia hiyo tu ziwe neno moja. Ukiimaliza, acha zile logi ulizozihitaji kupata jibu na ufute zilizobaki. Wiki ijayo, hitilafu nyingine.